Sare za Bwana Breki

Watu wengi walidhani jina la Pasi lilitokana na kazi yake. Na kweli alikuwa dobi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mahali ambapo mashuka hupita kwenye mashine ya kunyooshea tangu asubuhi hadi jioni, mvuke ukifuka pembeni, na anayeyapokea upande wa pili hana nafasi hata ya kujikuna pua. Lakini waliosoma naye shule ya msingi walijua kwamba jina lilimtangulia kazini. Alikuwa mwepesi wa kupata moto, na akishapata moto, hukai karibu naye.

Kitu kimoja tu kiliweza kumkalisha kimya, nacho ni sataranji. Alifundishwa na mjomba wake, fundi saa, juu ya meza ile ile aliyofungulia saa za watu. Mjomba alimfundisha kuandika kabla hajamfundisha kushinda. Kila hatua, yake na ya mwenzake, ilibidi iingie kwenye karatasi: kete gani, imetoka wapi, imetua kwenye herufi gani na namba gani. Hata mtu akiomba sare katikati ya mchezo, pembeni ya hatua hiyo unachora vimistari viwili.

"Ukishindwa utakuja kuniambia jua lilikuwa linakupiga machoni," mjomba alimwambia. "Mimi habari za jua sizitaki. Nionyeshe karatasi."

Mjomba alifariki, lakini Pasi hakuacha kuandika. Tatizo ni kwamba alichoandika hakukisoma. Michezo aliyoshinda aliirudia mara kwa mara, akiwa amekaa kitandani na ubao mapajani, akitabasamu peke yake. Ile aliyoshindwa aliisukumia ndani ya sanduku chini ya kitanda, akalifunga kwa goti.

Kila Jumamosi mchana alikwenda kucheza kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Chama chao kilikuwa na wanachama wa kila namna, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja mwenye shule ya udereva. Watu walimwita Bwana Breki, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amekaa kiti cha pembeni na mguu juu ya breki ya pili, akiwaambia wenzake nini cha kufanya. Tabia hiyo aliingia nayo hadi ukumbini. Ukicheza naye, atakupa ushauri. "Taratibu, dada. Tazama kioo kwanza. Usikanyage mafuta wakati huoni mbele." Alisema kwa sauti ya upole, na uso uliojaa huruma, kiasi kwamba ukikasirika wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Pasi alikuwa ameshindwa na Bwana Breki mara nyingi kuliko alivyoshindwa na mtu mwingine yeyote. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa ikatokea kwamba chama kimealikwa kwenye mashindano ya vyama, na kila chama kipeleke wachezaji wanne. Mkutano ukaitishwa. Bwana Breki akasimama na kusoma majina: la kwake, la mfamasia aliyekuwa mwamuzi wao, la karani mmoja wa bandari, na la mkwewe, mume wa binti yake, ambaye Pasi alikuwa anamfunga hata akiwa na homa.

Pasi akauliza kwa nini yeye hayumo.

Bwana Breki akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndugu zangu, kipaji cha dada yetu huyu hakuna asiyekijua. Lakini tuseme ukweli bila kupakana mafuta. Ana ugonjwa wa hasira. Anafika mahali pazuri kabisa, halafu anapoteza kichwa. Hatuwezi kupeleka mtu wa namna hiyo mbele za watu. Ni kwa faida yake mwenyewe."

"Hasira gani?" Pasi akasema, na kiti chake kikaanguka nyuma kwa jinsi alivyosimama.

"Mnaona?" akasema Bwana Breki, pole pole.

Ukumbi mzima ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka jinsi watu wanavyocheka mtoto akijikwaa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akatoka bila kuokota kiti.

Alifika nyumbani bado ana moto. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa kibarazani akipinda suruali ya mtu. Alimwona mkewe akipita kama upepo, akasikia sanduku linaburutwa, kisha akamwona akirudi na rundo la karatasi kifuani na ubao kwapani.

"Mke wangu, kuna nini?"

"Nisomee hizi. Moja moja. Mimi napanga, wewe unasoma."

"Mimi na sataranji wapi na wapi?"

"Herufi unazijua? Namba unazijua? Basi soma."

Alichotaka ni ushahidi. Alikuwa na hakika kwamba ameibiwa: pengine saa ya kupimia mchezo ilichezewa, pengine kete zilisogezwa, pengine yule mzee alikuwa anakohoa kila anapokaribia kushindwa. Akatenga michezo yote aliyocheza na Bwana Breki, wakaanza. Mume akasoma kama anayesoma vipimo vya nguo ya mteja. "Farasi, f tatu. Askari, d tano. Ngome, e moja." Pasi akawa anasogeza kete, na kila walipoendelea akazidi kuona jambo lililompandisha mori: alikuwa anacheza vizuri. Katika mchezo wa kwanza alikuwa amemzidi yule mzee waziwazi. Wa pili hivyo hivyo. Halafu ghafla, kama mtu aliyesukumwa, malkia wake anatoka mbio peke yake kwenda kumtafuta mfalme wa mwenzake, anakutana na kete mbili zinamsubiri, na habari imekwisha.

Wakaenda hivyo jioni ile na jioni iliyofuata. Kwenye mchezo mmoja mumewe akaiinua karatasi karibu na uso.

"Hivi vimistari viwili ni nini? Vinanichanganya."

"Hapo aliomba sare. Endelea."

"Mbona kila nikifika kwenye vimistari viwili unasonya?"

"Sisonyi."

"Mke wangu, unasonya. Nasoma, wewe umetulia kama maji ya mtungini. Nikifika hapa, unasonya, unavuta malkia hata kabla sijakutajia hatua. Na kweli karatasini ni malkia. Karibu kila mara."

Pasi akamtazama kwa jicho ambalo lingemfanya mume mwingine aondoke kibarazani. "Kwa hiyo na wewe umejiunga nao. Na wewe unasema nina ugonjwa."

"Sijasema ugonjwa. Nimesema unasonya."

Alimnunia siku ile hata chakula akampakulia bila neno. Lakini kesho yake, wakati wa mapumziko, wenzake wakiwa wamejilaza juu ya marobota ya mashuka, yeye aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na zile karatasi magotini. Hakuhitaji ubao, hatua zake alizijua kichwani. Alitafuta vimistari viwili tu, kisha akasoma hatua iliyofuata.

Malkia. Malkia. Farasi aliyetolewa sadaka bila sababu. Malkia. Ngome iliyoacha mlango wazi. Malkia.

Akarudi nyuma kutazama hali ilivyokuwa kabla ya vimistari. Yeye amezidi. Yeye amezidi. Hapa wamelingana. Yeye amezidi. Yule mzee hakuwa anaomba sare anapokuwa na nguvu, hata mara moja. Aliomba anapozama. Na Pasi akakumbuka maneno yaliyokuja na kila ombi, kwa maana maneno hayo hayakuandikwa popote lakini yalikuwa yamemganda masikioni. "Dada, tukubaliane sare, usije ukajiaibisha." "Dada, wewe umechoka, mikono yako ina kazi nyingine kesho." "Dada, hapa pamekuwa pagumu kwako." Pagumu kwake, wakati ni yeye mzee aliyekuwa anatapatapa.

Kwa hiyo hakuibiwa kwa saa wala kwa kete. Alichokozwa. Yule mzee alikuwa anajua ni wapi pa kubonyeza, anabonyeza, anakunja mikono na kungoja. Kisha anasimama mbele ya wanachama na kusema kwa huruma kwamba dada yetu ana ugonjwa.

Dobi mwenzake akamwona ameziinamia zile karatasi. "Una nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna mtu ninamtafuna kichwani."

Jioni yake alimweleza mumewe, naye alishangaa kumwona anapiga ngumi ukutani badala ya kufurahi.

"Lakini si umelipata jibu?"

"Nimelipata ndiyo. Jibu lenyewe ni kwamba amenichezea kama zumari, na mimi nikalia kila alipopuliza. Yeye nina hasira naye. Lakini nina hasira zaidi na huyu," akajigonga kifua, "aliyekuwa anaandika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe na kukisukumia chini ya kitanda."

Ubingwa wa chama ulikuwa unakaribia, na kanuni zilisema bingwa huingia moja kwa moja kwenye timu, mwenyekiti apende asipende. Pasi akaanza kujifua. Kila jioni alipanga ubao pale pale palipokuwa na vimistari viwili katika mojawapo ya michezo aliyoshindwa, na mumewe akaketi mbele yake kazi yake ikiwa moja tu: kuwa Bwana Breki. Mwanzoni alisitasita. Baada ya siku chache alianza kuifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

"Taratibu, dada," akasema, huku akifuta miwani ambayo hakuwa nayo. "Tukubaliane sare. Nikikutazama naona umepauka kama shuka la wodini."

Kandambili ikapita karibu na sikio lake.

"Umesonya na umerusha kiatu," akasema fundi cherehani, akiinuka kwenda kukiokota. "Turudie."

Wakarudia. Hasira haikupungua, na tusidanganyane kwamba ilipungua. Kila aliposikia "taratibu, dada" damu ilimchemka vile vile. Alichojifunza ni kwamba hasira ikipanda, mkono usipande nayo. Alikalia viganja vyake. Alitazama kwanza mahali ambapo mfalme wake mwenyewe yuko wazi, halafu mahali ambapo mwenzake anatamani yeye aende, halafu ndipo anatoa mkono mmoja chini ya paja na kucheza. Mara nyingi hatua sahihi ilikuwa ndogo, ya aibu kidogo: askari wa pembeni kusogea nyumba moja, mfalme kuhamia kona. Mtu mwenye hasira hapendi hatua za namna hiyo. Alizichukia, lakini alizicheza.

Ubingwa ukaja. Alimfunga karani wa bandari, akatoka sare na mfamasia, akamfunga mkwe wa mwenyekiti upesi kiasi kwamba yule kijana alikuwa hajamaliza soda yake. Mchezo wa mwisho ukawa baina yake na Bwana Breki, na mshindi ndiye bingwa.

Ukumbi ulijaa. Feni ya darini ilikuwa inalalamika, mtu akaagizwa kuizima. Bwana Breki alifika na kikoti chake cha kijivu, akampa mkono, akamshikilia kiganja kwa muda kidogo zaidi ya inavyostahili. "Leo usikimbie, dada. Barabara ina utelezi."

Pasi akaandika tarehe juu ya karatasi yake.

Walicheza kwa muda mrefu bila mtu kupata kitu. Kisha Bwana Breki akasogeza askari mahali asipopaswa, Pasi akaona mwanya, akala farasi wake bure. Watu wa nyuma wakasimama kutazama. Mzee akafikiri, akacheza hatua yake, akaegemea mbele na kunong'ona, "Dada, tukubaliane sare. Uishie hapa kwa heshima."

Pasi akaandika hatua, na pembeni yake vimistari viwili.

Damu ikampanda hadi kwenye nywele. Malkia alikuwa pale, njia nyeupe mbele yake, na kila mfupa wa mwili wake ulimwambia amtoe, amtoe sasa hivi, amfuate huyu mzee hadi chumbani kwa mfalme wake. Akakalia viganja. Akatazama. Kule mwisho wa ile njia nyeupe palikuwa na ngome imejibanza. Akatoa mkono, akasogeza askari wa pembeni nyumba moja.

Bwana Breki akapepesa macho. Akacheza tena, na safari hii hakunong'ona. "Dada, nakuonea huruma. Kutwa nzima mashuka, mgongo unauma, kichwa kitafanya kazi saa ngapi? Chukua sare ukapumzike."

Vimistari viwili. Mfalme kwenda kona.

Mara ya tatu alipoomba sare, Pasi akachora vimistari vyake, akanyoosha mkono juu kumwita mwamuzi. Mfamasia akaja akijikuna shingo, maana hakupenda ugomvi.

"Ameomba sare mara tatu na mara zote amenisemesha," Pasi akasema. "Nimeandika hapa."

"Ah, mazungumzo tu," akasema Bwana Breki. "Huyu dada mnamjua."

Mfamasia akaichukua ile karatasi, akaitazama, akaitazama na ya Bwana Breki, ambayo haikuwa na kimistari hata kimoja. Kwa miaka mingi alikuwa amejifanya hamnazo. Lakini sasa watu walikuwa wamesimama, na karatasi ilikuwa mkononi mwake. "Mwenyekiti, kanuni hairuhusu kumsumbua mwenzako. Nakuonya. Na namwongezea yeye dakika kwenye saa."

Baada ya hapo Bwana Breki alicheza kimya, na ikaonekana kwamba akiwa kimya hana maajabu. Pasi alimbana taratibu, kete baada ya kete, mpaka mzee akasimamisha saa kwa kidole kimoja na kumlaza mfalme wake ubaoni.

Makofi yakapigwa. Pasi akavuta pumzi. Na hapo Bwana Breki akasimama, akamwekea mkono begani, akawageukia watu na tabasamu pana.

"Mnamwona mwanafunzi wangu? Muda wote huu nilikuwa namkomaza makusudi. Dereva bila kupigiwa honi hawezi kujifunza."

Watu wakacheka, wakapiga makofi tena, na makofi yale yakamwendea mzee.

Pasi akautoa ule mkono begani kwake kama mtu anayetoa mdudu. Saa ilikuwa imesimama, mchezo umekwisha, hakuna tena sababu ya kukalia viganja.

"Mimi si mwanafunzi wako, mwenyekiti. Aliyenifundisha alikuwa fundi saa, na tumeshamzika. Wewe ukiona unazama unanichokoza, nikikosea unawaambia watu naumwa hasira. Hasira ninazo, sikatai. Lakini nyingine umenitia wewe kwa mkono wako, halafu ukanisimanga nazo mbele ya hawa." Akafungua mkoba, akatoa rundo la karatasi, akaliweka juu ya ubao katikati ya kete. "Michezo yetu yote hii hapa. Vuta kiti tuipitie mmoja mmoja. Nataka uwaonyeshe wenzangu ni wapi ulikuwa unanifundisha."

Bwana Breki akalitazama lile rundo, kisha akatazama saa yake ya mkononi.

"Nina mtu ananisubiri kwenye gari," akasema, akachukua kofia yake na kutoka.

Usidhani kila mtu alikuwa upande wa Pasi. Kulikuwa na waliosema pembeni kwamba kashinda, basi si angeshukuru tu yakaisha, mtu mzima haaibishwi hivyo. Mmoja alimwambia usoni. Pasi akamuuliza, "Siku ile mliponicheka, mimi nilikuwa mtoto?"

Aliingia kwenye timu, mkwe wa mwenyekiti akatoka. Kwenye mashindano alishinda michezo kadhaa, akashindwa miwili. Wa kwanza alishindwa na mama mmoja muuza viatu aliyemzidi tu, hana lawama naye. Wa pili alikuwa ameushika mkononi, akauachia kwa uzembe, akawaza safari ya kurudi nyumbani huku askari wa mwenzake akitembea hadi mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Hakuna aliyemsemesha. Hakukuwa na vimistari. Walipourudia kibarazani, mumewe alisoma hadi mwisho, akasubiri, kisha akasema kwamba hapa hajasikia msonyo.

"Ndiyo," Pasi akajibu kwa uchungu. "Hapa nililala tu. Soma tena kuanzia ngome."

Siku hizi mfamasia amemwomba asimamie kipindi cha saa moja kila Jumamosi kabla ya michezo kuanza. Kila anayetaka huleta karatasi ya mchezo alioshindwa, ubao unapangwa, na watu wanatafuta pamoja ni wapi mambo yalianza kwenda kombo. Sharti la Pasi ni moja: asiyeleta mchezo wake hasemi juu ya mchezo wa mwenzake. Bwana Breki bado ni mwenyekiti. Huja, huketi safu ya nyuma na kofia magotini, na kwa kuwa hajawahi kuleta karatasi, hukaa kimya saa nzima. Pasi humsalimu kwa sababu ya umri wake, basi.

Karani wa bandari alimuuliza wakati fulani, kwa nia njema, kwa nini moyo wake haujapoa wakati alikwisha kumfunga mzee mbele ya umati.

"Nilimfunga mchezo mmoja," akasema Pasi, akikunjua karatasi ya aliyefuata. "Ile mingine yote alinifunga akijua anachofanya, na bado anangoja niseme asante. Haya, nani alikuwa na kete nyeupe hapa?"